Mwana Hakumrithi Baba: Wasomaji na Kitabu cha Esplandián

Mwaka 1605 Miguel de Cervantes, mwandishi wa Hispania, alitoa sehemu ya kwanza ya riwaya yake Don Quixote. Katika sura ya sita ya riwaya hiyo, padri na kinyozi wa kijiji wanaingia katika maktaba ya bwana aliyerukwa na akili kwa kusoma mno hadithi za mashujaa, nao wanavihukumu vitabu vyake kimoja kimoja, hiki kisalimike na kile kitiwe moto. Kitabu cha kwanza kushikwa ni Amadís de Gaula. Padri anataka kichomwe kwa kuwa ndicho chanzo cha vitabu vyote vya namna ile. Kinyozi anakitetea kwa kuwa ndicho kilicho bora kupita vyote. Na padri anakubali kukiachia. Kitabu cha pili ni mwendelezo wake, Las sergas de Esplandián, yaani hadithi ya mwana wa Amadís. Hapo hapana utetezi. Padri anaamua kwamba wema wa baba hautamfaa mwana, na kitabu kinatupwa dirishani hadi uani, kiwe cha kwanza katika rundo la kuchomwa.

Hukumu hiyo yastahili kuangaliwa na walimu wa lugha na fasihi, kwa sababu inafanana mno na zile tunazozisikia kwa wanafunzi wetu. Vijana wa leo husoma hadithi ndefu za mapenzi na uchawi zitolewazo kitabu baada ya kitabu, na mara nyingi hukipenda cha kwanza na kukichukia cha pili. Wahenga walisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Je, methali hiyo yatosha kulieleza jambo hili? Na je, msomaji aliyevunjika moyo ana haki gani juu ya hadithi ambayo hakuitunga yeye? Katika makala hii tunakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kuifuata historia ya Esplandián, tangu kutungwa kwake hata kutupwa kwake dirishani, na yaliyofuata baadaye.

Baba aliyependwa

Hadithi ya Amadís ilikuwa ya kale hata kabla ya kupigwa chapa. Pero López de Ayala, mshairi na mtumishi wa wafalme aliyefariki mwaka 1407, aliitaja katika utungo wake miongoni mwa mambo ya uongo ambayo alipoteza wakati kuyasikiliza. Mwishoni mwa karne ya 15 Garci Rodríguez de Montalvo, diwani wa mji wa Medina del Campo, aliikusanya na kuisanifu upya katika vitabu vinne. Chapa ya kale kuliko zote iliyobaki ni ya mji wa Zaragoza, ya mwaka 1508.

Amadís ni mtoto wa mfalme aliyezaliwa kwa siri, akatiwa katika sanduku na kuachwa majini, akaokotwa na kulelewa Uskoti pasipo kuijua nasaba yake. Angali mdogo alimpenda Oriana, binti wa mfalme Lisuarte wa Uingereza, na mapenzi hayo ndiyo yanayokiendesha kitabu chote. Huku akimkumbuka Oriana anapigana na majitu na kumwua Endriago, zimwi la kutisha katika kisiwa cha shetani. Bibi Urganda, mjuzi wa uganga awezaye kujigeuza sura, anamlinda. Mchawi Arcalaus anamwinda. Lakini Oriana anapomwandikia barua ya kumkataa, kwa wivu usio na msingi, shujaa huyu asiyeshindwa na mtu anaacha silaha zake, anabadili jina, na kwenda kulia juu ya mwamba wa baharini akiwa pamoja na mtawa mmoja. Msomaji aliona kwamba mtu awezaye kuua zimwi aweza pia kuvunjwa na barua moja. Hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipokuwa.

Wasomaji wake walikuwa wengi na wa kila namna, na vijana walikuwa miongoni mwao. Mtakatifu Teresa wa Ávila, aliyezaliwa mwaka 1515, ameandika katika habari za maisha yake kwamba mama yake alivipenda vitabu vya mashujaa, na kwamba yeye mwenyewe katika ujana wake alivisoma kwa siri baba asimwone, hata ikawa haridhiki asipopata kitabu kipya. Ignatius wa Loyola alikuwa msomaji wa vitabu hivyo kabla ya kujeruhiwa huko Pamplona mwaka 1521. Juan de Valdés, mwandishi wa habari za lugha, alieleza katika miaka ya 1530 kwamba alitumia miaka kumi iliyo bora ya umri wake katika kuvisoma. Maneno ya Teresa yafaa tuyaweke moyoni, maana yanaonyesha asili ya mwendelezo wowote: ni njaa ya msomaji asiyetaka kuachana na watu aliowazoea.

Mwana aliyekuja kuhubiri

Chapa ya kwanza ijulikanayo ya kitabu cha Esplandián ni ya Sevilla, mwaka 1510. Montalvo alidai kwamba kitabu hicho kilikutwa katika kaburi la mawe karibu na Constantinople, mji uitwao leo Istanbul, kikaletwa Hispania na mfanyabiashara Mhungaria. Huo ulikuwa mtindo wa waandishi wa wakati ule, wala hatuna haja ya kuusadiki. Lililo muhimu ni kwamba katika dibaji ya Amadís yenyewe Montalvo amekwisha kukitaja kitabu cha mwana. Kwa hiyo methali yetu ya mgema haimpati sawasawa. Hakuandika mwendelezo kwa kulewa sifa za wasomaji. Alikuwa ameukusudia tangu mwanzo. Tembo lake halikutiwa maji: lilikuwa tembo la mnazi mwingine.

Tuseme mnazi huo ulikuwa upi. Mji wa Constantinople ulitekwa na Waturuki mwaka 1453, na Granada, dola ya mwisho ya Kiislamu katika Hispania, ilitekwa na wafalme Wakristo mwaka 1492. Montalvo aliishi katika zama hizo za vita vya dini, naye aliamini kwamba mashujaa wa kale walipoteza nguvu zao kwa kupigana wao kwa wao ili wasifiwe na wanawake. Basi alimtunga Esplandián awe kijana wa namna nyingine. Kijana huyu haendi msituni kutafuta sifa. Anakwenda mashariki kuitetea Constantinople. Kila mara mwandishi anaisimamisha hadithi ili awaonye wafalme, awakemee wenye kiburi, na kuwafundisha vijana wajibu wao.

Mapenzi nayo yalibadilika. Esplandián alizaliwa na herufi kifuani, upande mmoja nyeupe na upande mwingine nyekundu, na zile nyekundu zilikuwa jina la Leonorina, binti wa mfalme wa Constantinople. Vijana hao wawili walipendana kwa kusikia habari tu kabla hawajaonana kwa macho. Ni jambo la kupendeza, lakini lina gharama yake. Mchumba aliyekwisha kuandikwa kifuani hachaguliwi, na msomaji anajua jina lake tangu mwanzo. Lililobaki ni safari ya kumfikia. Amadís angeweza kumpoteza Oriana, na kwa hiyo tulimwogopea. Kwa Esplandián hofu hiyo ni ndogo.

Pana jambo jingine lililowaumiza wasomaji zaidi. Amadís anataka kuupima ushujaa wa mwanawe, basi anajificha katika mavazi ya vita na kumzuia njiani asimtambue. Wanapigana, na baba anashindwa na kujeruhiwa vibaya. Wataalamu wengi huamini kwamba katika hadithi ya kale, kabla ya Montalvo kuibadili, mwana alimwua baba kabisa. Montalvo mwenyewe anaikanusha habari hiyo na kuifasiri kwa njia yake: kifo cha Amadís, asema, kilikuwa ni kule kufunikwa kwa jina lake na jina la mwanawe. Maelezo hayo ni ya werevu. Lakini msomaji aliyempenda Amadís kwa vitabu vinne hakuwa amemwomba mtu yeyote amfunike.

Malkia wa California

Hata hivyo si haki kusema kwamba kitabu hiki hakina uhai. Karibu na mwisho anatokea Calafia, malkia wa kisiwa kiitwacho California, ambacho mwandishi anakiweka upande wa kuume wa Indi, karibu na Pepo ya Duniani. Wenyeji wake ni wanawake weusi peke yao, wenye nguvu na ujasiri. Madini yao ni dhahabu tupu. Nao hufuga ndege-simba, viumbe wenye mabawa na makucha ya tai na kiwiliwili cha simba. Calafia anasikia kwamba ulimwengu wote unakwenda vitani, naye anaona haya kukaa bure. Anaziandaa merikebu zake na kwenda Constantinople kuwasaidia Waturuki. Lakini ndege-simba wake wakiachiwa hawajui kubagua Mwislamu na Mkristo. Wanawaua wote wanaowaona juu ya kuta, na malkia analazimika kuwafungia tena.

Sisi tusomao kutoka Afrika hatuwezi kumpita Calafia bila kusimama. Katika kitabu kilichojaa mahubiri, yeye ndiye mtu anayetenda kwa hiari yake: anaamua vita mwenyewe, anakosea mwenyewe, anatoka kupigana na wafalme ana kwa ana. Na mwandishi anamfanyia nini? Anamtia katika mapenzi ya Esplandián, kisha anamnyima Esplandián, kwa kuwa jina lililo kifuani ni la Leonorina. Calafia anabatizwa na kupewa mume mwingine, ndugu wa ukoo wa Esplandián, na upanga wake unakwisha kazi. Maoni yetu ni kwamba hapa ndipo mwendelezo huu unapoanguka zaidi, kupita hata pale baba anaposhindwa na mwana. Montalvo alipata mtu aliye hai kuliko shujaa wake, naye hakujua la kumfanya ila kumwoza.

Wasomaji wakataa maiti

Baada ya Montalvo walikuja wengine wengi, na methali ya mgema sasa inawapata barabara. Mwaka uleule wa 1510 kilitoka kitabu cha sita, Florisando, cha Páez de Ribera. Mwaka 1514 kikatoka cha saba, Lisuarte de Grecia, cha Feliciano de Silva. Wajukuu na vitukuu wa Amadís walizidi kuongezeka, hata mfululizo wa Hispania ukafika vitabu kumi na viwili kwa Silves de la Selva cha mwaka 1546.

Katika mfululizo huo kisa cha kitabu cha nane kina mafunzo makubwa. Mwandishi wake, Juan Díaz, alikitoa Sevilla mwaka 1526, na humo alimwua Amadís. Pengine aliona kwamba mzee wa miaka mingi hivyo amestahili kupumzika. Wasomaji hawakukubali. Kitabu hicho hakikupigwa chapa tena katika Kihispania, hali wenzake wakirudiwa mara kwa mara. Feliciano de Silva alipotoa kitabu cha tisa, Amadís de Grecia, mwaka 1530, aliendelea na hadithi kana kwamba kifo kile hakikutokea, na Amadís akaishi. Maiti ilikataliwa na wenye msiba.

Tunaona hapa kwamba msomaji wa karne ya 16 hakuwa chombo kitupu cha kumiminiwa chochote. Hakuwa na gazeti la kuandikia maoni yake, lakini alikuwa na fedha za kununua au kutonunua, na wachapaji waliifahamu lugha hiyo upesi.

Waliohukumu pasipo kusoma

Palikuwa na hukumu ya namna nyingine pia, iliyotolewa na wenye mamlaka. Mwaka 1531 amri ya kifalme ilikataza hadithi za mashujaa, Amadís akiwa ametajwa kwa jina, zisipelekwe katika nchi za Amerika zilizotawaliwa na Hispania. Amri ikarudiwa mwaka 1543. Mwaka 1555 baraza la Valladolid liliomba vitabu hivyo vipigwe marufuku hata Hispania kwenyewe, kwa hoja kwamba vijana wa kiume na wa kike wakivisoma hutamani mapenzi na vita wanavyovikuta humo. Ombi hilo halikuwa sheria, na amri zile za awali hazikufua dafu: vitabu viliendelea kuvuka bahari katika merikebu.

Tena vilikuwa vimekwisha kuvuka katika vichwa vya watu. Bernal Díaz del Castillo, askari aliyeuona mji wa Tenochtitlan mwaka 1519, aliandika baadaye kwamba yeye na wenzake waliona kama wamo katika maajabu ya kitabu cha Amadís. Na mabaharia wa Hispania walipoifikia rasi ndefu ya magharibi ya Meksiko katika miaka ya 1530, wakidhani ni kisiwa, iliitwa California. Asili ya jina hilo ilisahauliwa muda mrefu, hata mwaka 1862 mwandishi wa Marekani, Edward Everett Hale, alipoonyesha kwamba lilitoka katika hadithi ya Calafia. Hivyo kitabu ambacho padri wa Cervantes alikitupa dirishani kikaacha jina katika ramani ya dunia. Na kilichobaki si jina la Esplandián mhubiri, ila la kisiwa cha malkia yule ambaye mwandishi alimnyang’anya upanga.

Sababu iliyokosekana

Turudi sasa kwa padri. Ukiisoma sura ile kwa makini utaona kwamba juu ya Esplandián hakutoa sababu hata moja. Alisema tu kwamba mwana si baba. Linganisha na maneno yake juu ya Tirant lo Blanch, kitabu kilichopigwa chapa Valencia mwaka 1490. Hicho anakisifu na kueleza kwa nini: humo mashujaa hula na kulala, hufa vitandani mwao, na huandika wasia kabla ya kufa, mambo ambayo vitabu vingine vya namna ile haviyajui. Hiyo ni hukumu ya msomaji kweli. Waweza kuikubali au kuipinga, kwa kuwa imekupa kitu cha kushika. Na tusimsahau mtumishi wa nyumba katika sura ileile, ambaye furaha yake ni kuvitupa vitabu vyote nje, na wala hajavifungua. Cervantes anatucheka sisi walimu kidogo hapo, maana kati yetu wamo wa aina ya mtumishi huyo.

Historia ikamwonjesha Cervantes mwenyewe uchungu wa mwendelezo. Mwaka 1614 mtu aliyejificha chini ya jina la Alonso Fernández de Avellaneda alitoa sehemu ya pili ya Don Quixote isiyo yake. Cervantes alikuwa bado anaiandika ya kwake, akaitoa mwaka 1615. Humo mwanafunzi Sansón Carrasco anamweleza Don Quixote wasomaji walivyosema juu ya sehemu ya kwanza, walichopenda na walichokosoa, pamoja na wale washikiliao kwamba sehemu za pili hazijapata kuwa nzuri. Baadaye Don Quixote anapata habari za kitabu cha uongo, naye anakataa kwenda Zaragoza alikopelekwa na mwandishi yule, akashika njia ya Barcelona. Mwishoni anakufa kitandani, asipate mtu wa kumtoa tena nje. Wahakiki wengi wameiona sehemu hiyo ya pili kuwa bora kuliko ya kwanza. Cervantes aliwasikiliza wasomaji wake, akawajibu ndani ya hadithi, wala hakuwatii katika kila jambo.

Basi tunaweza kuyajibu maswali tuliyoanza nayo. Kitabu cha pili hakianguki kwa sababu ni cha pili, wala si lazima mwandishi wake awe amelewa sifa. Huanguka pale kinapovunja ahadi ya kile cha kwanza pasipo kuleta nyingine iliyo sawa nayo. Amadís aliahidi kwamba shujaa aweza kuumia moyoni; Esplandián alileta shujaa aliyekwisha kuandikwa kila kitu. Na msomaji ana haki ya kulisema hilo, awe Teresa akijificha na kitabu chake, awe mnunuzi wa Sevilla aliyeikataa maiti ya Amadís, au mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule zetu. Haki hiyo ina wajibu wake: kusoma kitabu chote, na kutoa sababu.

Tunapendekeza kwa walimu wenzetu zoezi lifuatalo. Mwanafunzi akikilaumu kitabu cha pili cha hadithi aipendayo, asikemewe kwamba anapoteza wakati kwa mambo ya uchawi na mapenzi. Aandike kurasa mbili kwa Kiswahili safi: katika wa kwanza aeleze kitabu cha kwanza kilimwahidi nini, katika wa pili aonyeshe, kwa kutaja sura na tendo, mahali ahadi hiyo ilipotimizwa au kuvunjwa. Padri wa Cervantes, angalipewa zoezi hilo juu ya Esplandián, angaliandika ukurasa wa kwanza bila taabu. Wa pili ungalimlazimu kumtazama Calafia, na huenda kitabu kingalibaki ndani.